Hundi, hisa na barua za zamani: majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na nyingi zinazunguka jambo moja: karatasi ya zamani yenye saini ina thamani gani, na mtu atajuaje kama ni ya kweli? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Tumefungua sanduku la bati la marehemu babu kihambani, Old Moshi. Kuna stakabadhi za kahawa za KNCU (chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro), hundi mbili zenye mihuri ya benki, na barua zilizoshikwa kwa pini. Zinanuka kuvu, nyingine zimegandana. Mdogo wangu anataka kuzipeleka steshenari zikalaminetiwe. Tumruhusu?
*Dada wa Rau, Moshi*

Mzuieni, dada. Mashine ya kulamineti huyeyusha gundi kwa joto na kuipenyeza kwenye nyuzi za karatasi. Haitoki tena bila kemikali za maabara, wino wa mihuri unaweza kusambaa, na karatasi yenye asidi huendelea kuoza humohumo ndani. Mkusanyaji anayejua kazi yake hataigusa.

Anzeni kwa kutovuruga mpangilio. Pigeni picha kila tabaka kabla ya kulitoa, kuanzia juu, na kila bunda lipewe namba. Stakabadhi iliyobanwa pamoja na barua ilibanwa kwa sababu. Mkizitenganisha bila kuandika mmepoteza ushahidi wa nani alimlipa nani na kwa kazi gani. Namba iandikwe nyuma, pembeni, kwa kalamu ya risasi laini kama 2B. Bolpeni isikaribie kabisa.

Kisha ukaushaji. Kama mnaweza kusubiri masika yapite, subirini; Aprili hewa ya Moshi yenyewe ni maji. Tandazeni shuka safi kwenye chumba chenye hewa, feni ielekezwe ukutani na si kwenye karatasi, mziache siku mbili tatu. Msizianike juani. Jua linakausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, karatasi inajikunja, na wino wa rangi unapauka.

Kuvu iliyo hai ni laini na inapaka ukiigusa. Isipanguswe, itaenea, ikaushwe kwanza. Ikishakuwa unga mkavu, ipelekeni barazani, vaeni barakoa na glavu za mpira, muipanguse kwa brashi laini ya rangi ya maji kutoka katikati kwenda nje. Kwa karatasi zisizo na kuvu glavu hazihitajiki. Zile za pamba hunasa kingo zilizochanika. Mikono iliyonawa, ikakauka, isiyo na losheni, ni salama zaidi. Zilizogandana ziacheni zilivyo hadi mpate mtu mwenye ujuzi. Nusu saa ya papara hapo huharibu zaidi ya miaka sitini ya sanduku.

Pini yenye kutu haivutwi. Pitisheni kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi, juu na chini, ndipo ichomolewe polepole ikiteleza juu ya plastiki. Mpasuko usizibwe kwa selotepu: baada ya miaka michache gundi yake hugeuka mafuta ya kahawia yanayopenya hadi upande wa pili.

Kwa kuhifadhi, mnahitaji mifuko ya plastiki iliyo sahihi. Angalieni pembetatu chini ya mfuko au kwenye boksi lake: namba 1, 2 na 5 zinafaa, namba 3 ni PVC na haifai. PVC hutoa kilainishi chake taratibu, na ndicho kinachobandua wino wa fotokopi na wa mihuri. Kama hakuna alama, jaribuni nje ya nyumba: pasheni waya wa shaba kwenye moto, uguseni kwenye kipande cha plastiki hiyo, urudisheni motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini, na hiyo ni PVC. Bahasha za kaki nazo ziachwe. Zina asidi, na karatasi iliyokaa humo hutoka imeungua kingo. Karatasi nyeupe ya kawaida ya A4 ya siku hizi, iliyokunjwa kama jalada, ni bora kuliko bahasha ya kaki ya bei yoyote.

Sanduku la bati lenyewe si baya. Liinueni juu ya matofali, liwe mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko la kuni. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 35 na 50. Ukipita 65 kwa siku kadhaa, kuvu inarudi. Kipimo kidogo cha unyevu kinaweza kulala humohumo sandukuni. Mkiona vumbi la mende, au kile kidudu cha rangi ya fedha kinachokimbia mtu akifungua kitabu, fungeni karatasi zilizokauka ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toeni hewa, mziweke kwenye friza wiki mbili. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, hesabu inaanza upya. Mkizitoa, mifuko isifunguliwe kwa saa 24, ili matone yagande nje ya plastiki na si juu ya karatasi.

Nauziwa barua yenye saini ya Mwalimu Nyerere. Kichwa chake ni cha Ofisi ya Waziri Mkuu, chini ya saini imeandikwa Waziri Mkuu, tarehe ni Juni 1962. Karatasi imekuwa ya kahawia kabisa. Muuzaji anasema ilikuwa ya karani wa zamani. Niinunue?
*Kaka wa Sakina, Arusha*

Usiinunue. Na wala hukuhitaji kufika kwenye saini. Mwalimu aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, Rashidi Kawawa akashika, na Mwalimu akarudi serikalini kama Rais tarehe 9 Desemba 1962. Mtu angeweza kujitetea kwamba zilitumika karatasi zilizobaki, lakini basi wadhifa chini ya saini ungekuwa mwingine. Aliyeghushi alijua kwamba Mwalimu aliwahi kuwa Waziri Mkuu. Hakujua aliacha lini.

Makosa ya namna hii ni mengi kwa sababu watu hufanya mazoezi ya saini na kusahau kalenda. Anayenunua nyaraka za nchi hii anapaswa kuwa na tarehe chache kichwani. Uhuru wa Tanganyika ni 9 Desemba 1961. Muungano ni 26 Aprili 1964, na kuanzia hapo hadi mwishoni mwa Oktoba nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Barua ya Julai 1964 yenye neno Tanzania kwenye kichwa ina maswali ya kujibu. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, CCM 5 Februari 1977. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Kabla ya hapo ilikuwa ya Afrika Mashariki.

Benki husaidia zaidi, kwa kuwa zimebadilisha majina mara nyingi. National Bank of India iliungana na Grindlays 1958, na hundi zake za miaka ya 1960 zinasoma National and Grindlays. Barclays iliandika maneno yote ya Dominion, Colonial and Overseas hadi 1954, ndipo ikafupisha kuwa D.C.O. Siku moja baada ya Azimio la Arusha, yaani 6 Februari 1967, benki za biashara zilitaifishwa, na hapo ndipo inapoanza hundi ya NBC. Jina la CRDB halikuwapo kabla ya 1984, wala NMB kabla ya 1997. Na kwa watu wa Kilimanjaro: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarudi miaka ya 1980. KNCU iliyoanzishwa 1933 na ile iliyorudi si jina moja kisheria; ya pili huandikwa KNCU (1984) Ltd. Stakabadhi ya KNCU ya 1979 ni ya kuikataa mlangoni.

Tarehe zikipita, ndipo uchukue lenzi ya sonara ya mara 10. Saini ya kalamu ina mahali wino ulipojaa na ulipopungua, na mistari inapokatana unaona ipi ilipita juu. Saini iliyochapwa pamoja na maneno ina rangi moja mwanzo hadi mwisho, au ukiisogelea inageuka vidoti. Ya mhuri wa mpira hubonyea kingo, wino ukisukumwa pembeni na katikati kubaki hafifu. Kisha tazama mikunjo. Barua husainiwa kwanza, ndipo ikunjwe. Wino ukiwa umesambaa ndani ya mkunjo kama maji kwenye nyuzi zilizovunjika, saini iliwekwa baada ya karatasi kukunjwa, na lazima ujiulize kwa nini.

Kalamu yenyewe ina umri. Bolpeni haikuanza kuuzwa Marekani hadi Oktoba 1945; saini ya bolpeni kwenye hati ya 1938 haiwezekani. Kalamu za ncha ya nyuzi ni za miaka ya 1960. Maandishi ya taipureta huacha matuta nyuma ya karatasi, yapapase kwa kidole, na kwenye mashine za kawaida herufi i na m huchukua nafasi sawa. Zikiwa na upana tofauti na mgongo wa karatasi ni laini, printa imehusika.

Tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau, ni kifaa kizuri kuliko bei yake. Viwanda vya karatasi vilianza kutia viang'arishi, yaani kemikali za kuifanya karatasi ing'ae nyeupe, kwa wingi miaka ya 1950. Karatasi inayodaiwa kuwa ya 1935 ikiwaka bluu-nyeupe kama shati jipya, iweke chini. Ila tahadhari mbili: sabuni za unga zina viang'arishi hivyohivyo, kwa hiyo karatasi iliyowahi kugusana na nguo zilizofuliwa huwaka madoamadoa, na isiyowaka haijathibitisha lolote, kwani mghushi hodari hukata kurasa tupu kutoka vitabu vya hesabu vya zamani.

Kuhusu ukahawia: karatasi inayozeeka yenyewe huanza kuungua kingoni, hewa na mwanga vinapofika, na katikati hubaki nyepesi. Iliyochovywa kwenye chai ina rangi sawa kila mahali, mikunjo imekolea, na mara nyingi kuna mstari wa maji ulipokaukia. Inuse. Wengi hawanusi.

Kwa nini mtu alipe pesa nyingi kwa hundi iliyokwisha kulipwa? Nyingine zina matundu katikati ya saini.
*Msomaji wa Njiro, Arusha*

Kwa sababu hundi iliyolipwa imeshakaguliwa na mtu mwenye hofu ya kufukuzwa kazi. Karani wa benki aliilinganisha saini na ile iliyo kwenye kadi ya mteja kabla ya kutoa fedha. Hakuna barua wala picha iliyosainiwa inayokuja na ushahidi wa namna hiyo. Ndiyo maana hundi za Orville Wright, mmoja wa ndugu walioruka kwa ndege ya kwanza 1903, hutumiwa na wakusanyaji kama kipimo cha saini zake nyingine. Hizo si adimu. Alilipa bili nyingi. Hati za hisa za American Express za miaka ya 1850 na 1860, zenye saini za Henry Wells na William Fargo, na zile za Standard Oil zenye saini ya John D. Rockefeller, zinapendwa kwa sababu iliyo jirani na hiyo: zilisainiwa kazini, mbele ya karani aliyeziandika kwenye daftari.

Matundu na mihuri ya KULIPWA ni sehemu ya ushahidi huo. Tundu likipita katikati ya jina bei hushuka kidogo, lakini hundi safi isiyo na tundu, mhuri wala maandishi nyuma ndiyo ya kuogopwa. Vitabu vya hundi visivyotumika hubaki kwenye madroo, na ni rahisi mno kusaini jani tupu leo. Tazama pia tundu kwa lenzi: wino ukiwa umeingia kwenye kingo za tundu, saini imekuja baada ya benki kumaliza kazi yake. Ile mistari ya tarakimu za sumaku zenye umbo la ajabu chini ya hundi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea. Ikiwa kwenye hundi ya 1948, maliza mazungumzo.

Usisahau kugeuza. Mlipwaji alipaswa kusaini nyuma, na mara nyingine aliyelipwa ni mtu mashuhuri kuliko aliyelipa. Wauzaji wavivu hawageuzi, na hapo ndipo bei nzuri zinapopatikana.

Nimeonyeshwa stakabadhi ya Kijerumani ya 1902 yenye mhuri wa Moshi, malipo yameandikwa kwa rupia na heller. Inafaa?
*Majengo, Moshi*

Haifai. Heller ilianza 1904. Kabla yake rupia iligawanywa kwa sarafu 64 zilizoitwa pesa. Na Wajerumani waliandika Moschi na Aruscha. Mhuri wao wenye tahajia ya Kiingereza umechongwa juzi.

Shikamooni. Nina hati za aina mbili: za hisa nilizonunua mwenyewe 1998, na moja ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki niliyorithi. Zipi bado ni fedha?
*Mzee wa Marangu*

Marahaba hatuitikii kwako, mzee wetu, shikamoo. Za 1998 zisiwekwe kwenye albamu kabla ya kuuliza. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili mwaka huo, na kampuni zilizouza hisa wakati ule nyingine zipo hadi leo, ama kwa jina lilelile au kwa jina jipya. Nenda kwa dalali aliyesajiliwa wa soko hilo, uchukue hati zako na kitambulisho. Ataulizia kwenye daftari la wanahisa kama jina lako lipo, kama hisa ziligawanywa, na kama kuna gawio ambalo halijachukuliwa. Kama kampuni haikuwahi kuorodheshwa sokoni, jina lake litafutwe BRELA, wakala wa kusajili kampuni. Mpe dalali nakala. Hati halisi ikiondoka mikononi, idai stakabadhi.

Hiyo ya Kijerumani, kama ni ya DOAG, kifupi cha jina la Kijerumani la Kampuni ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Berlin 1885 chini ya Carl Peters, ni ya wakusanyaji tu. Hakuna kaunta itakayoilipa. Thamani yake inategemea mwaka, kiasi cha Mark kilichoandikwa, uzuri wa uchapaji na wingi wa zilizosalia. Hilo la mwisho linaweza kubadilika usiku mmoja. Tangu 2003 ziliuzwa kwa mnada Ujerumani hati nyingi mno zilizokuwa zimelala kwenye vyumba vya chini vya benki kuu ya zamani mjini Berlin, na karatasi kadhaa zilizodhaniwa adimu zikawa za kawaida. Hizo mara nyingi zina matundu ya kufutwa. Kabla ya kukubali bei yoyote, linganisha na matokeo ya minada iliyokwisha, siyo bei ambazo wauzaji wanaomba.

Kuna kikundi hapa mjini chenye hati za dhamana za dhahabu za Serikali ya China za 1913. Wanasema zinalipwa mabilioni, wanatafuta wachangiaji wa gharama ya kuzihakiki. Kila mtu milioni tatu.
*Kijenge, Arusha*

Usitoe hata mia. Hati zenyewe huenda ni halisi. Ziliuzwa Ulaya kwa wingi mno, zina picha nzuri, na wakusanyaji huzinunua kwa bei ya kawaida. Uongo uko kwenye malipo. China ya leo haizilipi. Uingereza ilifikia makubaliano na China mwaka 1987 kwa ajili ya raia wake waliokuwa na madai, na hilo lilifungwa. Hati za zamani za reli za Marekani zimetumika kwa mchezo huohuo tangu miaka ya 1990, hadi Serikali ya Marekani ikatoa onyo rasmi. Dalili haibadiliki: gharama ya kuhakiki hulipwa kwanza, na mtu wa kulipa mabilioni yuko nchi nyingine siku zote. Picha ya hati na majina ya wanaokusanya fedha vipelekwe polisi.

Jirani na soko la Memorial kuna mama anauza karatasi za kufungia karanga. Kwenye rundo lake nimeona mafaili yenye mihuri ya halmashauri na kadi za kliniki. Naweza kuzinunua kwa ajili ya mkusanyiko wangu?
*Mwanafunzi, Moshi*

Mafaili ya ofisi ya umma hayawi yako kwa kuwa umeyalipia kwa kilo. Sheria Na. 3 ya 2002, inayosimamia kumbukumbu na nyaraka, inaweka utaratibu wa kuyatunza na kuyateketeza, na kuyauza kwa mfungaji karanga hakumo. Mama mwenyewe hana kosa la maana, amenunua uzito. Mwambie akuwekee, kisha uwape taarifa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au ofisi husika. Kadi za kliniki ni jambo jingine tena: zina habari za ugonjwa wa watu walio hai, na tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Usizipige picha.

Kinachobaki halali kwenye marundo kama hayo si haba. Ankara za maduka ya zamani, stakabadhi za binafsi zenye stempu, barua za wafanyabiashara, bahasha. Stempu yenye kichwa cha mfalme inakupa kipindi hata kama tarehe imefutika. George wa Sita alifariki Februari 1952. Ukinunua, andika siku hiyohiyo umenunua kwa nani, wapi na kwa kiasi gani, na karatasi hiyo ikae pamoja na ile uliyonunua. Mnunuzi wako atakayefuata ataiulizia kabla ya kuuliza bei.

Nataka kutundika sebuleni hundi ya marehemu baba yenye saini yake. Fremu ya kawaida inatosha?
*Ngaramtoni, Arusha*

Tundika nakala ya rangi, halisi ilale gizani. Mwanga haurudishi ulichochukua, na sebule nyingi za Arusha hupata jua la asubuhi moja kwa moja. Ukishikilia halisi, mwambie fundi fremu aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma, na nyingine iliyokatwa dirisha mbele, kioo kisigusane na wino, na hundi ishikwe kwa pembe nne za karatasi, bila gundi hata tone.